Kodi ya jengo inalipwa na mita, mwenye nyumba yuko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee kodi ya majengo, ile tunayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kila mwezi. Nieleweke mapema, siandiki kulalamika kwamba ni kubwa, mimi ni mwenye nyumba hapa Dodoma upande wa Nkuhungu, nyumba ya kawaida tu ya chini, na 1,500 kwa mwezi hainishindi, ukiniambia leo niongeze ili mtaro wa mtaa wetu uchimbwe nitaongeza na nitashukuru. Ninacholalamikia ni kwamba nataka kulipa kodi ya nyumba yangu kwa jina langu, nijue nimelipa, nijue imeenda wapi, na nikisimama kwenye mkutano wa mtaa niseme mimi nalipia jengo langu hapa naomba majibu. Kwa utaratibu huu wa sasa hilo haliwezekani, maana anayelipa ni mita na mita haina jina wala haiulizi kitu.

Ngoja nieleze inavyokuwa ndani ya nyumba maana naona wakubwa wanaopanga haya mambo huko juu wengi hawajakaa nyumba ya kupanga siku za karibuni. Nyumba yangu ina wapangaji, vyumba vya uani, na mita ni moja. Utaratibu wa wapangaji karibu nyumba zote za huku ni kuchangishana, mwenye friji anatoa zaidi, mwenye taa na redio anatoa kidogo, au wanapokezana kununua, wiki hii wewe wiki ijayo mimi. Sasa ile kodi inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo yule anayenunua tarehe moja au mbili ndo anaikuta, anatuma elfu tano ambayo kwa sisi tusio kwenye ile bei ya watumiaji wadogo kawaida inampa uniti kama kumi na nne hivi, anapata tisa na ushee. Meseji inakuja na namba ndefu ya tokeni na chini yake mlolongo wa makato, VAT, ya EWURA wasimamizi wa nishati, ya REA wa umeme vijijini, alafu hapo hapo katikati limekaa deni la 1,500, ukiwa na haraka ya kuingiza zile namba kabla ugali haujalala hulioni. Matokeo yake ni nini? Watu wameshajua. Mwisho wa mwezi ukifika kila mmoja anavuta muda, umeme unakatika usiku nyumba nzima iko giza na kila mtu yuko chumbani kwake anasubiri mwenzake aanze. Mama mmoja anauza chapati asubuhi, yeye hawezi kusubiri maana anaamka saa kumi usiku kukanda unga na anataka taa, basi miezi mingi yeye ndo alikuwa analipa kodi ya nyumba yangu. Yeye, mpangaji wa chumba kimoja, ndo alikuwa mlipa kodi ya jengo langu mimi mwenye hati.

Hilo mimi nimelikataa nyumbani kwangu na mwisho wa barua nitasema nimefanyaje. Ila nataka wasomaji waone ukubwa wake. Kodi ya majengo kwa maana yake yote, popote unapoisoma, ni kodi ya mwenye mali. Mpangaji hana jengo. Serikali yenyewe ilipoanzisha huu utaratibu tarehe 20 Agosti 2021 ilisema wazi kwamba mwenye kulipa ni mmiliki na mpangaji akikatwa waelewane na mwenye nyumba wake amrudishie au apunguze kwenye pango. Waelewane! Jamani, mpangaji wa Chang'ombe au wa Majengo mwenye kodi ya chumba ya miezi mitatu mkononi na wenzake kumi wanakitaka hicho chumba, aende kumgongea baba mwenye nyumba mlango amwambie nirudishie 1,500 yangu ya mwezi wa nne? Hawezi. Na wenye nyumba wengi tunajua kwamba hawezi, ndo maana tumenyamaza.

Najua watu watasema mbona kabla ya LUKU watu walikuwa hawalipi kabisa. Ni kweli na siwezi kubisha. Wakati ule wa kwenda kuchukua namba ya malipo na kupanga foleni wengi waliacha tu, mtu anakaa miaka na miaka hajui hata anadaiwa, na ile ya kutumia watu kupita nyumba kwa nyumba ilikuwa na mambo yake, mtu anakuja na daftari mnaongea pembeni yanaisha. LUKU imefuta hayo. Hakuna anayepita mlangoni, hakuna wa kumpa kitu kidogo, hela inaingia moja kwa moja. Hilo naliheshimu sana na sitaki turudi kwenye foleni. Lakini kukusanya ni nusu ya kodi, nusu nyingine ni yule aliyetoa kujua ametoa na kuwa na pa kuulizia, na hiyo nusu ya pili ndo imepotea kabisa tangu tuhamie kwenye mita.

Na pa kuulizia penyewe pamehamahama mno. Kodi hii kisheria ilianza kuwa ya miji yenyewe, kuna sheria ya mwaka 1983 ya mamlaka za miji inayohusu kutathmini na kutoza majengo, na hiyo ilikuja baada ya serikali za mitaa kurudishwa kwa sheria za 1982 maana mwaka 1972 zilikuwa zimefutwa. Kwa hiyo wazo lilikuwa mji utoze majengo yake ujihudumie wenyewe. Alafu Dar es Salaam mwaka 2008 ikapewa TRA, mamlaka ya mapato, 2014 ikarudi kwa manispaa, 2016 ikarudi tena TRA na safari hii ikasambaa miji mingine, na fedha zikawa zinaingia Mfuko Mkuu wa Serikali kwanza ndo halmashauri isubiri mgao wake kwenye bajeti. Ikaja kodi ya bei moja ya elfu kumi kwa nyumba ya kawaida. Ikaja LUKU, elfu moja kwa mwezi, maana yake 12,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikapanda 1,500, sawa na 18,000 kwa mwaka, na ghorofa kwa sisi wa mjini kila sakafu ikatoka 5,000 kwenda 7,500 kwa mwezi. Sasa mwananchi wa kawaida hapo amuulize nani? Ukienda kwenye umeme wanakwambia sisi tunakusanya tu. Ukimuuliza mtendaji anakwambia hiyo haiji kwetu. Ukimuuliza diwani anakwambia kuna sehemu inarudi halmashauri ila kiasi gani kimerudi kutokana na mtaa wenu hana karatasi ya kukuonesha, na simlaumu maana na yeye hajapewa.

Hebu tukumbuke kitu kimoja. Mwaka huo huo wa 2021 zilikuja tozo za miamala ya simu. Kila mtu aliziona, ukituma elfu hamsini unaona hapo hapo imekatwa kiasi gani, na nchi nzima iliongea, vijiweni, kwenye daladala, kwenye magazeti kama hili, mpaka serikali ikasikia na ndani ya miezi michache ikapunguza kwa asilimia 30 na baadaye nyingine zikafutwa. Kodi ya jengo ilipopanda kutoka elfu moja mpaka 1,500, ambayo ni nusu nzima ya ile ya zamani imeongezeka, huku mtaani kwetu sikusikia mkutano hata mmoja. Siyo kwamba watu waliikubali. Wengi walidhani umeme umepanda. Mpaka leo ukimuuliza mtu kwa nini uniti zimekuwa chache mwanzo wa mwezi anakwambia hao jamaa wa umeme ni wezi. Sasa hiyo ni kodi gani ambayo anayetoa anadhani ameibiwa na mtu mwingine kabisa ambaye hata hahusiki? Serikali inapata hela lakini inapoteza kitu kikubwa zaidi, inapoteza yule mtu ambaye angekuwa anasema huu mji nauchangia.

Na hapa ndo nataka kuongelea Dodoma yetu maana naona kwa sisi jambo hili lina uzito wake. Huu mji kwa miaka mingi ulikuwa wa watu wa kupita. Tuliokulia hapa tunajua, tangu uamuzi wa makao makuu mwaka 1973 na CDA yake, ile mamlaka ya kuustawisha mji, tulikuwa tunaambiwa serikali inakuja, viwanja vinapimwa, mtu anamilikishwa kwa miaka 33 tu kana kwamba na yeye ni mpangaji, mpaka CDA ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa manispaa ndo tukaanza kusikia habari za hati za miaka 99. Mwaka uliofuata tarehe 26 Aprili tukatangaziwa jiji. Sensa ya 2012 manispaa ilikuwa na watu 410,956, ya 2022 jiji likakutwa na 765,179. Hao wote zaidi ya laki tatu na nusu walioongezeka wamejenga, wamepanga, wanajenga. Ukipita Nala, Iyumbu, Nzuguni, Mkonze, Ihumwa kule kuelekea Mtumba, kila ukitazama ni tofali na nondo. Lakini ukikaa na wengi wao wanakwambia mimi wa Dar, mimi wa Moshi, mimi wa Mwanza, hapa nipo kikazi. Amejenga nyumba ya milioni mia na bado yupo kikazi! Ijumaa jioni anaondoka.

Mimi naamini kabisa kwamba kodi ya jengo ikilipwa inavyotakiwa ndo kitu cha kumfanya mtu awe wa hapa. Ukilipa leseni unalipia biashara yako, ukilipa kodi ya mshahara inaenda taifa zima na ni sawa, lakini ukilipa ya nyumba unalipia mahali nyumba iliposimama, ule mfereji, ile njia, lile dampo, ile taa ya barabarani, shule ile watoto wa jirani wanayosoma hata kama wa kwako wapo ya kulipia. Nyumba huwezi kuihamisha Ijumaa jioni. Mtu akipewa karatasi yenye jina lake na namba ya nyumba yake na jina la mtaa wake, kwamba mwaka huu umechangia mtaa huu kiasi hiki, na mwisho wa mwaka akaitwa aelezwe, huyo ataanza kuuliza kwa nini korongo linakula barabara, atakuja mkutanoni, atamjua mwenyekiti wake wa mtaa kwa jina. Sa hivi wengi hawamjui mpaka watake barua ya utambulisho.

Wazee wetu walikuwa na sababu ya kuichukia kodi ya nyumba, hilo pia tusilisahau. Mjerumani ndo aliianzisha huku mwisho wa miaka ya 1890, kodi ya kibanda, alafu Mwingereza akaja na yake ya kibanda na kichwa, na lengo lilikuwa kumtoa mtu kwake akafanye kazi ya mkoloni apate hela ya kulipa. Hata baada ya uhuru tulikuwa na kodi ya maendeleo ambayo watu wazima wanaikumbuka kwa kukimbizana na mgambo, ilifutwa 2003 na watu walifurahi. Kwa hiyo neno kodi huku kwetu limekuja na kukimbizwa. Ndo maana nasema ilikuwa nafasi nzuri sana ya kubadilisha hiyo picha, kumwonesha mtu kwamba hii sasa ni yako na ya mtaa wako, na badala yake tukaificha ndani ya umeme ili isiumize. Kuificha hakujamfundisha mtu kuipenda.

Kuna hili la bei moja nalo lazima niliseme. Nyumba yangu ya chini na banda la vyumba vya uani inakatwa 18,000 kwa mwaka. Kuna nyumba Ilazo naijua kwa nje maana rafiki yangu fundi alipiga vigae pale, ya chini pia, vyumba sita, ukumbi wa kukaa watu thelathini, bwawa la kuogelea nyuma, geti la umeme, na yenyewe kwa kuwa siyo ghorofa inakatwa 18,000. Na kule Chang'ombe kuna bibi ana vyumba viwili na sebule, ukuta haujapigwa plasta, naye 18,000. Hapo hakuna haki yoyote ya kuelezea. Alafu mtu aliyejenga kaghorofa kake kadogo kwa sababu kiwanja kilikuwa kifinyu anakatwa kila sakafu, kumzidi mwenye kasri la chini. Najua sababu iliyotolewa ni kwamba kuthamini nyumba moja moja ni gharama na inachukua muda na wathamini ni wachache, na nakubali wakati ule ilikuwa hivyo. Lakini sheria ya zamani ilitaka thamani, na thamani ndo inayobeba haki. Angalau tungeweka madaraja matatu manne kulingana na ukubwa na eneo, hata mwenyekiti wa mtaa anaweza kukwambia nyumba ipi ni daraja gani bila kubeba kompyuta.

Na misamaha. Sheria imesamehe wazee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba wanayoishi wenyewe, imesamehe watu wenye ulemavu, imesamehe nyumba za udongo na za nyasi. Vizuri sana. Ila msamaha huo lazima uufuate mwenyewe, na mita haioni ukuta wala haijui umri. Hapa jirani kuna mama ana zaidi ya miaka sabini, mjane, anaishi na wajukuu, mita ya nyumba bado ina jina la marehemu mumewe. Amekatwa miaka yote hii. Nilimsindikiza kwenye ofisi inayohusika na hayo mambo, sitaitaja, tukaambiwa tulete barua ya mtendaji, tukaleta, tukaambiwa kitambulisho cha NIDA na nakala yake, tukaleta, tukaambiwa jina la kwenye mita halifanani na la kitambulisho kwa hiyo kwanza abadilishe jina la mita, na kubadilisha jina kunataka karatasi za mirathi ambazo familia haijawahi kufungua. Mama wa watu alikaa kwenye benchi pale na kikapu chake magotini akasema mwanangu acha tu wakate, nimechoka kupanda bajaji. Nauli ya hizo safari ilikuwa imeshapita kodi ya miezi kadhaa. Msamaha upo kwenye sheria, mzee anakatwa kila mwezi, na hakuna mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kupita mtaani kuuliza nani hapa ana miaka 60. Mwenyekiti wa mtaa anawajua wote! Anawaandika kila siku kwenye orodha za misaada. Kwa nini orodha hiyo hiyo isitoshe? Na huko pembezoni ya jiji, Matumbulu, Mpunguzi, Nala ndani ndani, tembe za Kigogo bado zipo na zimewekewa umeme, jambo jema kabisa, nani amekwenda kuangalia kama mita ile iko kwenye tembe la udongo au kwenye nyumba ya tofali?

Kitu kingine kinachochanganya watu ni kwamba hata kama wangejua wamelipa, huduma zenyewe zimegawanywa. Barabara za mtaa tangu 2017 ziko kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji ni DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Dodoma, na bili yake. Taka unalipa hela ya taka peke yake kila mwezi kwa wanaopita na gari. Kwa hiyo mtu anauliza kwa haki kabisa, hii ya jengo sasa ni ya nini? Mimi jibu langu ni kwamba ingeweza kuwa ya yale madogo ambayo hayana mwenyewe. Mvua za Januari zikianza huku kwetu maji yanatuama, yanaingia mpaka sebuleni, kwa sababu mtaro wa barabara kubwa unaishia mahali na baada ya hapo hakuna kitu, maji yanajitafutia njia kwenye viwanja vya watu. Huo mfereji wa kuunganisha siyo wa mradi mkubwa, siyo wa Benki ya Dunia, ni kazi ya siku chache ya greda na makalavati kadhaa, na kila mwaka tunachangishana elfu kumi kumi mifukoni tunajaza mawe kwenye viroba. Yaani tunalipa mara mbili. Mtaa wenye nyumba 400 kwa 18,000 kila moja ni milioni 7 na laki mbili kwa mwaka. Sisemi zote zirudi, taifa nalo lina mambo yake, lakini hata sehemu yake ikiletwa na kutangazwa ubaoni kwamba hii ndo ya kodi ya majengo ya mtaa huu mwaka huu, ule mfereji tungeuchimba na viroba tukaviweka kando.

Na sa hivi sababu ya kusema haiwezekani haipo tena. Mwaka 2022 tulifanyiwa operesheni ya anwani za makazi, kila nyumba imebandikwa namba, kila njia imepewa jina na nguzo yake, hata vichochoro ambavyo tulikuwa tunaviita kwa majina ya wenye maduka. Mwaka huo huo sensa ilihesabu mpaka majengo. Viwanja vingi vya Dodoma vimepimwa kuliko miji mingi ya nchi hii, hiyo ni faida ya miaka yote ya CDA pamoja na matatizo yake. Kwa hiyo nyumba inajulikana ilipo, mwenyewe anajulikana, simu yake inajulikana. Kodi ifungwe kwenye namba ya nyumba na jina la mwenye nyumba, siyo kwenye mita. Ikatwe hata hiyo hiyo kwa simu, mwenye nyumba aletewe meseji yake mwenyewe popote alipo, hata kama yupo Dar, kwamba jengo lako namba fulani mtaa fulani unadaiwa kodi ya mwaka, lipa kwa namba hii ya kumbukumbu. Anaweza kulipa kidogo kidogo. Asipolipa ndo iangukie kwenye LUKU kama njia ya mwisho, hapo sina ugomvi, na mpangaji aandikiwe kwenye meseji yake kwa Kiswahili cha kawaida kwamba umemlipia mwenye nyumba wako 1,500, mdai.

Nawaomba na madiwani wa jiji letu kwenye baraza lao waombe takwimu kwa kila kata, ni majengo mangapi yamelipa na kiasi gani kimerudi, na wakizipata wazibandike kwenye ofisi za mitaa karibu na yale matangazo ya mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa vikundi ambayo watu wanayasoma kila siku. Watu wa huku siyo wagumu wa kutoa. Tumechangia madarasa, tumechangia ofisi ya mtaa, misiba ndo usiseme. Tunatoa tukijua.

Kwa wenye nyumba wenzangu wa Dodoma ambao mnasoma hapa, hatuna haja ya kusubiri sheria ibadilishwe kwa hili moja. Hiyo 1,500 ni ya kwetu. Mimi nimekaa na wapangaji wangu, kila mwezi ninanunua mimi umeme wa kwanza tarehe moja asubuhi kwa simu yangu, kodi inakatwa kwangu, uniti zinazobaki nawaachia, na meseji zote nimezihifadhi. Yule mama wa chapati, ile kodi ya jengo aliyonilipia nilimpunguzia kwenye pango lake la miezi mitatu. Kwenye mikataba mipya nimeongeza mstari mmoja kwa kalamu chini ya mambo ya maji na taka: kodi ya jengo italipwa na mwenye nyumba, na ikitokea mpangaji amekatwa atarudishiwa ndani ya mwezi huo huo.

Mwenye nyumba,
Nkuhungu, Dodoma